Zawadi ya Kampuni na Mwaka wa Pili

Mhariri wa gazeti letu ameniomba muhula huu niandike somo juu ya makampuni na elimu ya watoto, maana jambo hili lilileta maneno mengi katika mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita. Waliohudhuria watakumbuka. Mkuu wa Shule alipotangaza kwamba kampuni ya kuchimba madini iliyo wilayani kwetu iko tayari kutujengea bweni la wasichana 48, nasi walimu tukasema kwamba kwanza tunayo maswali, mzee mmoja alisimama akasema, "Tunapewa bure, nanyi bado mwauliza. Maswali ya nini, walimu?" Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja aliyeketi karibu na mlango akasema kwa upole, "Basi waulizeni walimu wawaambie chumba kile chenye kufuli kina nini ndani." Hapo hapakuwa na makofi.

Nitaanza na chumba kile, kwa sababu nilikuwamo katika kamati iliyopokea vitu vilivyomo, na sahihi yangu ndiyo iliyo katika risiti.

Mwaka 2015 kampuni moja ya biashara, ambayo si hii ya madini, ilituletea kompyuta 20. Tulifunga utepe mlangoni, mgeni wa heshima akaukata, wanafunzi wakaimba, picha zikapigwa, na wageni wakala wali na kuku. Nakiri kwamba mimi nilifurahi kuliko wote. Ni mwalimu wa hesabu na uwekaji wa vitabu vya fedha, lakini siku ile hesabu ilinitoka kichwani kabisa. Tazameni niliyopaswa kuyaandika kabla ya kutia sahihi. Kompyuta moja ya namna ile ya zamani hula umeme wa wati 150 hivi. Kompyuta 20 ni wati 3,000, yaani kilowati 3. Zikiwashwa saa 4 kwa siku ni uniti 12, na kwa siku 20 za masomo ni uniti 240 kila mwezi. Tukikadiria shilingi 350 kwa uniti moja, ni shilingi 84,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ya masomo ni shilingi 840,000. Hiyo ni LUKU peke yake. Bado fundi, bado vumbi letu la mwezi wa nane, bado mwalimu wa kufundisha somo lenyewe, ambaye hatukuwa naye.

Mwaka wa kwanza tuliendelea kwa kujikokota. Mwaka wa pili zilizokuwa zikiwaka zilibaki 6. Mkuu wa Shule wa wakati ule alipoona kwamba fedha za chaki na karatasi za mitihani zinaingia katika LUKU, aliufunga mlango, nami sikumlaumu. Sasa mle ndani mna nyavu za mpira wa miguu na magunia ya mahindi. Tuliiandikia kampuni barua mbili tukaomba msaada wa fundi. Hatukujibiwa, na baadaye nilielewa sababu: fungu lao la mwaka ule lilikuwa limekwisha, picha zilikuwa zimechapishwa, na kwao kazi ilikuwa imetimia. Hawakutudanganya hata kidogo. Walisema wataleta kompyuta 20, wakaleta 20. Aliyekosa kuuliza ni mimi.

Basi sasa somo lenyewe. Kampuni ni kitu gani, na kwa nini itoe fedha yake kwa watoto wasio wake?

Kampuni si mtu, ingawa sheria huihesabu kama mtu katika kushtaki na kushtakiwa. Fedha yake ni ya wenye hisa, na meneja anayekuja kukata utepe hatoi mfukoni mwake. Kwa hiyo akitoa, hana budi aweze kuwajibu wenye hisa wakimwuliza kwa nini ametoa. Majibu yake huwa ya namna nyingi. Pengine wenye kampuni ni watu wa huruma kweli. Pengine kampuni yataka jina lake lionekane, na hapa sina haja ya kueleza sana, kwani nani katika nchi hizi za Afrika Mashariki hajaona kibao cha shule kilichopakwa rangi na kuandikwa jina la soda kubwa kuliko jina la shule? Pengine yataka vijana watakaoifanyia kazi kesho. Na pengine sheria yaiagiza.

Hilo la mwisho latuhusu sisi hasa. Sheria yetu ya Madini, kwa mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2017, katika kifungu cha 105 yamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, na mpango huo ukubaliwe pamoja na halmashauri ya mahali, ukifuata mahitaji ambayo halmashauri imeyatanguliza. Tena halmashauri imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji wake na ya kuwaelimisha wananchi juu yake. Basi yule mzee wetu aliyesema tunapewa bure, namheshimu, lakini si bure. Dhahabu ikitoka ardhini hairudi, na sheria imesema wenyeji wa mahali inapotoka wana sehemu yao ya kuzungumzwa. Huko India wamefanya zaidi ya hapo: sheria yao ya makampuni ya mwaka 2013 yaagiza kila kampuni kubwa itenge asilimia 2 ya wastani wa faida yake ya miaka mitatu kwa kazi za jamii, na elimu imo miongoni mwa kazi hizo.

Iko na njia ya kodi, nayo wengi hawaijui. Kampuni hapa nchini hulipa kodi ya mapato asilimia 30 ya faida. Sheria ya Kodi ya Mapato yaruhusu michango fulani iondolewe katika faida kabla kodi haijahesabiwa, mathalani ile inayopitia Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania. Vijana wa Kidato cha Tatu, chukueni kalamu. Kampuni ikitoa shilingi 10,000,000 kwa njia hiyo, faida inayotozwa kodi hupungua kwa shilingi 10,000,000. Kodi nayo hupungua kwa asilimia 30 ya hizo, yaani shilingi 3,000,000. Kampuni imepungukiwa na shilingi ngapi? Ni shilingi 7,000,000. Na zile 3,000,000 zimetoka wapi? Zimetoka Hazina, ambako zingalikwenda kulipa wauguzi na kutengeneza barabara. Kwa hiyo katika kila shilingi 10 za zawadi ya namna ile, shilingi 3 ni za wananchi. Sisemi hivi ili tuwachukie wanaotoa. Serikali imewapa nafuu hiyo kwa makusudi, ili wavutike kutoa. Nasema ili mzazi ajue kwamba akiuliza, auliza juu ya fedha ambayo kwa sehemu ni yake.

Jambo la kampuni kusomesha watoto si jipya. Kule Uskoti, mahali paitwapo New Lanark, palikuwa na viwanda vikubwa vya kusokota pamba, na tangu Januari 1800 msimamizi wake alikuwa Robert Owen. Wakati ule watoto wadogo walifanya kazi viwandani mchana kutwa. Owen alikataa kuwaajiri walio chini ya miaka 10, akataka wasome, na tarehe 1 Januari 1816 akafungua jumba kubwa la elimu pale pale kijijini, hata watoto wachanga waliojifunza kutembea tu wakapata mahali. Lakini fedha? Washirika wake wa kwanza walinung'unika sana kuona faida inakwenda kwenye madarasa. Ndipo mwaka 1813 Owen akatafuta washirika wengine, waliokubali kuchukua asilimia 5 tu ya mtaji wao kwa mwaka, na kinachozidi kiende katika shule na hali njema ya wafanyakazi. Hata duka la kijiji liliuza vitu kwa bei ndogo, na faida yake kidogo ikaisaidia shule.

Angalieni ustadi wa jambo hili. Shule ya New Lanark haikungoja moyo wa huruma uamke kila mwaka. Ilikuwa na chemchemi yake, na mapatano yaliandikwa kabla jumba halijafunguliwa. Walakini nisiwafiche upande wa pili. Mmoja wa washirika wale wapya, William Allen, alikuwa mtu mkali wa dini, naye hakupendezwa kuona watoto wakifundishwa kucheza na kuimba jinsi Owen alivyotaka. Walivutana miaka mingi, na mwaka 1824 Owen alilazimika kukubali mafundisho yabadilishwe. Anayelipa hutaka kusema, hata akiwa mtu mwema. Nasi kabla hatujapokea yatupasa tujue atasema mpaka wapi.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyezaliwa Uskoti hiyo hiyo na kutajirika Marekani, alikuwa na desturi niipendayo mno. Alijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, lakini hakujenga mahali popote mpaka mji wenyewe umetoa kiwanja, na umeahidi kutenga kila mwaka fedha isiyopungua sehemu moja ya kumi ya gharama ya jengo, kwa vitabu, watunzaji na matengenezo. Mji usioahidi haukupata kitu. Wengine walimwona mchoyo. Mimi, mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta, simwoni hivyo.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki. Mwezi wa Novemba 1959, Kenya ikiwa bado katika Hali ya Hatari na mitaa ya Nairobi ikiwa imejaa watoto wasio na wazazi wala kwao, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha wavulana mahali paitwapo Starehe. Majengo yao ya kwanza yalikuwa vibanda viwili vya mabati, zawadi ya makampuni ya mafuta ya Shell na BP. Vibanda viwili tu. Leo Starehe ni shule inayojulikana Afrika nzima, wengi wa wavulana wake husoma bila kulipa, na tangu mwaka 2005 wasichana nao wana kituo chao.

Je, ni vile vibanda vilivyoifanya Starehe? Bati la zawadi lilikuwako mahali pengi, na mahali pengi limeota kutu. Nionavyo mimi, mambo matatu yalikuwako pale. Palikuwa na watu waliokaa: Griffin aliiongoza shule ile mpaka alipofariki mwaka 2005, miaka arobaini na zaidi. Pili, mzigo wa kulisha na kusomesha haukuachiwa mfadhili mmoja, bali uligawanywa kwa watu na mashirika mengi, ndani ya Kenya na ng'ambo, wengine wakimchukua kijana mmoja mmoja. Mmoja akichoka, shule haikufa. Na la tatu, ambalo walimu wenzangu watanisamehe nikilitaja, wanafunzi wenyewe walikuwa na baraza la kila juma ambamo husema wazi mbele ya mkuu wao yaliyowakera. Ningependa kuona baraza la namna hiyo likiuliza kuhusu chumba chenye kufuli.

Mfano wa karibu zaidi ni mpango uitwao Wings to Fly, ulioanzishwa Kenya mwaka 2010 na mfuko wa benki ya Equity pamoja na Mastercard Foundation. Mpango huu uliwachukua watoto wa maskini waliofaulu vizuri shule ya msingi, nao uliwalipia karo, vitabu, sare, nauli, hata fedha kidogo ya matumizi, kwa miaka yote minne ya sekondari ya wakati ule, na kuwapa walezi wa kuwashauri. Wamesomeshwa watoto zaidi ya 10,000 kwa njia hiyo. Mimi sishangai sana juu ya wingi wao. Nashangaa juu ya nauli. Mtu aliyekumbuka nauli amekaa na mtoto maskini, au amewahi kuwa mtoto maskini mwenyewe, maana ni nani asiyejua kijana aliyelipiwa karo yote akashindwa kufika shuleni kwa kukosa shilingi za basi? Na uchaguzi wao hufanywa na kamati za watu wa mahali, wakiwamo viongozi wa serikali na wa dini, ili mtoto wa mwenye jina asimpite mtoto wa mjane.

Nitaje kwa ufupi zawadi ambazo hazipokewi hata zikija na mapatano mazuri. Ulimwengu umekwisha kukubaliana juu ya tumbaku katika Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Mchango wa kampuni ya sigara kwa shule huhesabiwa kuwa ni namna ya kuitangaza sigara. Kwa pombe nadhani wazazi hawanihitaji kuwaeleza.

Basi tuje kwenye bweni. Msifikiri kwamba walimu hatulitaki. Wasichana wengi wa shule hii hutoka vijiji vilivyo mbali kupita kilometa 8, na wasioweza kutembea alfajiri gizani wamepanga vyumba mjini, wanajipikia, wanajilinda wenyewe. Mwaka jana wasichana watano wa Kidato cha Pili na cha Tatu walituacha. Sababu zao wazazi mwazijua, sitaziandika gazetini. Mmoja wao alikuwa akipata alama za juu darasani kwangu kuliko wavulana wote. Bweni lile lingekuwako, naamini angekuwa bado kwenye dawati lake. Ndiyo maana nataka bweni lisiwe chumba cha pili chenye kufuli.

Kamati ya shule imeniagiza nifanye hesabu, na safari hii nimeifanya kabla ya utepe. Bweni la wasichana 48 lataka mlezi mwanamke wa kulala pale pale: tukimlipa shilingi 250,000 kwa mwezi ni 3,000,000 kwa mwaka. Mlinzi wa usiku, 200,000 kwa mwezi, ni 2,400,000. Maji na umeme, 120,000 kwa miezi 10, ni 1,200,000. Magodoro ya kubadilisha, vitasa, rangi na kunyonya choo, tumekadiria 900,000. Jumla ni shilingi 7,500,000 kila mwaka, na kwa kila msichana ni shilingi 156,250. Chakula sikukitia, kwa kuwa wazazi wamekwisha kukubali mahindi na maharage.

Hizo 7,500,000 ndizo zilizokuwa maswali yetu, mzee wangu. Barua iliyokwenda kwa kampuni, ikipitia kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kama sheria itakavyo, yasema hivi: twaomba bweni, na twaomba mpango wa miaka mitano utiwe katika maandishi. Mwaka wa kwanza kampuni ilipe gharama yote ya uendeshaji, shilingi 7,500,000. Wa pili 6,000,000. Wa tatu 4,500,000. Wa nne 3,000,000. Wa tano 1,500,000. Kwa miaka mitano ni shilingi 22,500,000. Mwaka wa sita tutakuwa peke yetu, nasi tumeanza kutazama tutasimamaje. Tumeiomba Halmashauri ituletee mlezi anayelipwa na serikali. Akipatikana, gharama itashuka hadi 4,500,000. Shamba letu la alizeti, ekari 6, mwaka jana lilituachia shilingi 1,900,000 baada ya kutoa mbegu, trekta na magunia. Litabaki pengo la shilingi 2,600,000, ambalo kwa wasichana 48 ni kama shilingi 54,200 kwa kila mmoja kwa mwaka. Je, wazazi waweza kuliziba kwa hiari, kwa kibali cha serikali kama taratibu za elimu bila malipo zinavyotaka, na bila msichana yeyote kutolewa bwenini kwa ajili ya kukosa? Au tuongeze ekari? Au tupate watu kumi wa mji huu, kila mmoja achukue wasichana wawili au watatu kwa jinsi ya Starehe? Mimi napendelea hii ya mwisho, lakini mwalimu mwenzangu wa Kilimo aona ekari.

Kampuni imejibu barua yetu ya kwanza. Bweni wamekubali. Uendeshaji wamesema watalipa miaka miwili, si mitano, na wametaka jina lao liandikwe ukutani. Juu ya jina hatuna neno. Juu ya miaka tumewarudishia barua tukaomba angalau mitatu, na Afisa Elimu wa wilaya ametuunga mkono.

Jambo litaamuliwa katika mkutano wa wazazi wa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule. Daftari la hesabu hizi liko ofisini kwa Makamu Mkuu wa Shule, na mzazi yeyote aweza kuja kulitazama siku za kazi, asubuhi mpaka saa tisa. Akiona nimekosea mahali, aandike kwa kalamu nyekundu pembeni. Na yule mama aliyeketi karibu na mlango, ikiwa gazeti hili litamfikia, namjulisha kwamba vijana wanne wa Kidato cha Nne wamefungua kompyuta mbili kati ya zile 20, wakachanganya vipuri, na moja inawaka.